Barua ya wazi kuhusu mstari mmoja wa fomu: kwa viongozi wa vyama vya mafundi, wakandarasi na wakuu wa vyuo vya ufundi

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi umeme. Nimeifanya kazi hii kwa miaka 21, nikianzia kuwa saidia fundi wa kubeba mabomba ya nyaya na kutoboa kuta, hadi leo ambapo ninakabidhiwa jengo zima nikiwa na vijana wanne chini yangu. Mwenzangu, ambaye nimeishi naye kwa miaka 11, ni fundi mwashi, na ubora wa lipu yake anaujua kila msimamizi aliyewahi kufanya naye kazi. Sote wawili ni wanaume. Sentensi hiyo fupi sijawahi kuiandika mahali popote ambapo mtu anayenilipa angeweza kuisoma, na hata sasa ninaiandika bila kuweka jina langu.

Miaka miwili iliyopita ubao wa jukwaa ulivunjika chini ya miguu yake, akaanguka kutoka ghorofa ya pili na kuvunjika nyonga na mbavu mbili. Nilikuwa katika jengo hilohilo, ghorofa ya juu kabisa, nikivuta nyaya. Nilisikia kishindo, lakini kishindo saiti ni jambo la kila saa, na nilipopata habari na kushuka, walikuwa wamekwisha kumpakia na kuondoka naye. Nilimwuliza msimamizi amepelekwa hospitali gani. Alifungua faili, akasoma fomu ambayo kila mmoja wetu huijaza siku ya kwanza ya kazi, akaona katika mstari wa ndugu wa karibu jina la kaka yake, ambaye walikuwa hawajasemezana kwa miaka sita. Akanijibu kwamba taarifa za majeruhi hupewa familia. Hakunijibu kwa ukali, na labda angekuwa mkali ningepata la kusema. Nilipanda tena juu kumalizia kuvuta nyaya, kwa kuwa sikuwa na sababu ya kuomba ruhusa ambayo ningeweza kuitamka mbele ya watu. Wodi aliyolazwa niliijua siku ya tatu, kwa hisani ya kibarua mmoja aliyesaidia kumbeba.

Mtauliza kwa nini hakuandika jina langu. Hakuandika kwa sababu chini ya jina pana mstari mwingine unaotaka uhusiano, na anayeipokea fomu ni karani anayekaa na mafundi wengine kila wakati wa mapumziko. Angeandika "rafiki", karani angemrudishia kwa kuwa rafiki si ndugu. Angeandika ukweli, habari ingefika kwenye jukwaa kabla yake. Akachagua jina ambalo halitamletea maswali, akijua kwamba siku likihitajika halitamletea msaada pia.

Barua hii inahusu mstari huo, na mambo yanayoufanya uwe mgumu kuujaza kwa mafundi wengi kuliko mnavyodhani.

Lugha yetu yenyewe imenisitiri kwa muda mrefu. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika neno "yeye", na kwa miaka mingi nimeweza kusema saiti kwamba mwenzangu anaumwa, kwamba amechelewa kurudi, kwamba tumenuniana tangu jana, bila kusema uongo hata mara moja. Lakini lugha hiyohiyo ina mlango mmoja ambao hupiti bila kujitaja: mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Swali la "umeoa?" hufika katika wiki ya kwanza ya kila kazi mpya, na mara nyingi linaulizwa kwa wema, kwa nia ya kumjua mtu. Nikisema sijaoa, ninatafutiwa mchumba na wazee wanaonionea huruma. Nikisema nimeoa, ninaulizwa watoto, shule zao, na kwa nini mama yao haonekani kwenye misiba, na uongo wa kwanza unadai wa pili na wa tatu, kama ukuta ulioanzwa bila timazi ambao kila kozi mpya ya matofali inauzidishia kupinda. Mwanamke fundi anayempenda mwanamke mwenzake hupata swali hilo likiwa na makali zaidi, kwa sababu yeye huulizwa ameolewa na nani, kana kwamba spana aliyoishika ni ya mtu mwingine na mwenyewe atakuja kuichukua.

Ndiyo maana hoja kwamba mambo ya chumbani hayahusu kazini hainishawishi, ingawa nimeisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Saiti tunachangiana harusi. Tunapeana pole za kuachwa na pongezi za kupata mtoto, tunabadilishana zamu ili mtu akamsindikize mkewe kliniki, na hakuna anayeyaita hayo mambo ya chumbani. Sisi tunachanga kama wengine, na tunachanga vizuri, lakini siku ya kuchangiwa sisi haifiki. Mwenzangu alipokuwa amelala na chuma katika nyonga, bahasha ya michango ya mafundi ilipelekwa kwa kaka yake, nami nilikuwa miongoni mwa waliotia humo.

Sasa niseme habari ya neno moja, kwa kuwa nadhani ndilo ambalo wakandarasi mtalielewa haraka kuliko mengine. Neno "shoga" lilikuwa la upole, na kwa wanawake wengi bado ni la upole, kwani huitana hivyo wakimaanisha rafiki wa ndani. Saiti limekuwa nyundo. Anayeshindwa kubeba mfuko wa saruji peke yake ni shoga, anayevaa glavu ni shoga, anayekataa kupanda bila mkanda wa usalama ni shoga, na anayesema saketi ipimwe tena kabla ya kuguswa anaulizwa kama ana hofu za kike. Tazameni mifano hiyo kwa makini, maana ukiacha wa kwanza, yote inahusu mtu anayefanya kile ambacho kanuni zenu za usalama zinamtaka afanye. Mnatumia fedha kununua glavu, miwani na mikanda, kisha mnaliacha neno moja la bure liwavue vijana vifaa hivyo. Na waathirika wakubwa wa neno hilo si sisi tu, kwa kuwa kijana anayewapenda wasichana, na anayetaka wenzake wote wajue hivyo, ndiye atakayekuwa wa kwanza kupanda juu bila mkanda ili asiitwe jina letu.

Mahakama zimewahi kuliona jambo hili. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja shauri la Joseph Oncale, mfanyakazi wa mtambo wa mafuta baharini katika Ghuba ya Mexico, ambaye wanaume wenzake, wakiwemo waliokuwa na mamlaka juu yake, walimnyanyasa kingono na kumtishia hadi akaacha kazi. Shauri lake halikusimama juu ya dai kwamba yeye anapenda wanaume. Mahakama ilisema tu kwamba sheria inayokataza ubaguzi wa kijinsia kazini haiachi kumlinda mtu kwa sababu anayemtesa ni wa jinsia moja naye. Utani wa aina hii hauchagui kwa uangalifu wa kumpiga, na kwa hiyo kinga yake haiwezi kuwa ya kundi dogo la watu waliojitaja.

Katika umeme tuna desturi ambayo sijaona nyingine inayozidi heshima yake. Kabla ya kugusa nyaya za jengo, kila fundi hutia kufuli yake kwenye swichi kuu na kuning'iniza kibao chenye jina lake. Tukiwa watatu, kufuli ni tatu. Hakuna anayeruhusiwa kuondoa kufuli ya mwingine, hata akiwa mkubwa wake, hata kazi ikiwa imechelewa, kwa kuwa kufuli hiyo ni uhai wa mtu. Ninaileta desturi hiyo hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba inategemea watu kuaminiana kiasi cha kuambiana "sijamaliza, subiri", na mtu aliyezoea kunyamaza ili asitambulike huchelewa kusema hata pale ambapo anapaswa kupiga kelele. Nimeona kijana akipanda ngazi ndefu ambayo hakuna aliyeishika miguu, kwa sababu waliopangwa naye walikuwa wanamcheka namna anavyotembea, naye hakutaka kuomba. Hakuanguka. Nilimfuata baadaye kumkanya, akaniambia kwamba kuanguka anakuelewa, ila kucheka kwao hajui kutamfikisha wapi.

Sababu ya pili ni ombi. Wapo miongoni mwenu wenye nia njema ambao, wakishasoma barua kama hii, watataka kujua mafundi hao ni akina nani ili wasaidiwe. Msitutafute. Siri ya fundi ni kufuli yake, na ufunguo anao mwenyewe. Zipo zaidi ya nchi 60 ambazo sheria zake bado zinaadhibu mapenzi ya watu wazima wa jinsia moja, na hata pale ambapo sheria haisemi kitu, jina likitoka ofisini kwenu linaweza kumfukuzisha mtu katika nyumba aliyopanga kabla ya jua kuzama. Daftari la majina yetu, hata likianzishwa kwa huruma, lina hatari kuliko nyaya zisizofunikwa.

Viongozi wa vyama, ninawageukia ninyi kwa kuwa chama ndicho chombo pekee ambacho kibarua anaweza kusema ni chake. Mara kadhaa nimeambiwa kwamba mambo haya ni ya wasomi wa mijini, na kwamba mfanyakazi wa kawaida ana shida kubwa zaidi, kama ujira na mikataba. Shida hizo ninazijua, na sioni kwa nini ziwe za mtu mwingine. Mwaka 1973 huko Sydney, vibarua wa ujenzi wa jimbo la New South Wales waliweka zana chini na kukataa kuendelea na kazi katika chuo cha makazi cha Chuo Kikuu cha Macquarie, kwa sababu mwanafunzi mmoja alikuwa amefukuzwa hapo kwa kuwapenda wanaume. Hao walikuwa wabeba zege na wafunga vyuma. Chama chao kilikuwa kimekwisha kugomea miradi iliyotishia bustani na nyumba za maskini, na waliona ni jambo la kawaida kwamba anayejenga chuo ana haki ya kuuliza nani anafukuzwa humo.

Miaka kumi na moja baadaye wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walipogoma, kuanzia Machi 1984 hadi Machi 1985, kikundi cha wapenzi wa jinsia moja wa London kilizunguka na ndoo kuchanga fedha na kuzipeleka kwa familia za wagomaji katika bonde la Dulais huko Wales. Wachimbaji walishindwa mgomo ule. Hata hivyo, mwezi Juni 1985 walikwenda London na bendera zao za chama na kuongoza maandamano ya watu wale waliowachangia, na mwaka huohuo kura za chama chao zilisaidia kupitisha azimio la haki za wapenzi wa jinsia moja katika mkutano mkuu wa Chama cha Labour. Ninapenda kwamba habari hiyo ilianza na ndoo ya michango. Ni lugha ambayo mafundi wa mahali popote wanaielewa, na inanirudisha kwenye ile bahasha.

Upande wa sheria sitakawia, ila kuna mambo mawili ambayo viongozi wengi hawayafahamu au wanajifanya hawayafahamu. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unataja sababu saba za ubaguzi zisizokubalika kazini, na kumpenda mtu wa jinsia yako haimo. Lakini mkataba huohuo unaruhusu nchi kuongeza sababu nyingine baada ya kushauriana na vyama vya waajiri na vya wafanyakazi. Mlango uliachwa hapo, na wanaopaswa kuulizwa ni ninyi. Kisha Mkataba namba 190 wa mwaka 2019, ulioanza kutumika Juni 2021, unahusu ukatili na unyanyasaji kazini, na haumlindi mwajiriwa wa ofisini peke yake. Unamtaja mwanagenzi, anayetafuta kazi na aliyeachishwa kazi, unaingia katika sekta isiyo rasmi, na unafika mahali pa mapumziko, vyooni, kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, safarini kwenda na kurudi kazini, na katika mabweni yanayotolewa na mwajiri. Aliyeandika orodha hiyo anaijua saiti, kwa kuwa hapo ndipo hasa tunapoteswa.

Tena haina maana kusubiri sheria za adhabu zibadilike kwanza. Msumbiji iliweka katika Sheria yake ya Kazi ya mwaka 2007 katazo la kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi, wakati kifungu cha kikoloni kilichotumika kuwatisha watu hao kilikuwa bado katika vitabu vya sheria. Kifungu hicho kiliondoka sheria mpya ya adhabu ilipoanza kutumika mwaka 2015. Kwa miaka minane, basi, ukumbi wa kazi ulitangulia mahakama ya jinai. Afrika Kusini nayo ilikwisha kutaja mwelekeo wa kimapenzi kwa jina katika sheria yake ya usawa kazini ya mwaka 1998.

Najua kwamba wengi wenu mna imani zinazowakataza kuyabariki maisha yangu. Sijaomba baraka. Mzee aliyenifunza kazi alikuwa mtu wa ibada, asiyekosa saa yake ya sala hata siku ya kumwaga zege, na ninaamini alinijua kuliko nilivyojijua. Hakuniuliza hata siku moja kama nimeoa. Alipokuwa akipangiwa kazi mbali, alimwambia mkandarasi kwamba anamhitaji fundi umeme huyu na fundi mwashi yule, akitutaja kwa ufundi wetu, na hivyo ndivyo tulivyoweza kuishi pamoja miaka ya mwanzo. Ngazi yangu aliishika. Sijui alisema nini kuhusu sisi katika sala zake, na sikuona kuwa ni haki yangu kuuliza.

Wakuu wa vyuo vya ufundi, kwenu nina neno la vyeti. Wapo mafundi waliobadili jinsia, na yupo mmoja ninayemfahamu mwenye mikono ya kuchomelea ambayo ningetamani niwe nayo, lakini cheti chake kina jina la mtu ambaye mwajiri akimtazama hamwoni. Kila akikitoa anaonekana ameiba cheti cha dada yake. Kwa hiyo hakitoi, na fundi wa daraja la kwanza analipwa kama kibarua. Kuchapisha upya cheti kwa jina jipya, daraja likibaki lilelile na namba ya usajili ikibaki ileile, ni kazi ya asubuhi moja kwa msajili. Mnaifanya kila mara kwa wanawake wanaobadili majina baada ya kuolewa.

Wakandarasi, sitawaombeni mabango wala hotuba. Naomba malalamiko yasipitie kwa msimamizi peke yake, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye anayeanzisha kicheko. Naomba vyoo vya saiti viwe vyumba vyenye mlango kamili na komeo, jambo ambalo mlipaswa kuwafanyia mafundi wanawake miaka mingi kabla ya barua hii. Naomba kila fundi aruhusiwe kumteua mtu yeyote anayemtaka apokee mafao yake akifariki, popote ambapo sheria ya nchi haikatazi, na uteuzi huo uwekwe katika bahasha iliyofungwa.

Na naomba mfute mstari wa uhusiano. Daktari anahitaji kujua mzio wa mgonjwa, dawa anazotumia, na namba ya simu itakayopokewa usiku. Hahitaji kujua kama atakayeipokea ni kaka, mke au jirani, na ninyi hamhitaji pia. Andikeni "mtu wa kupigiwa simu", acheni nafasi ya jina na namba, basi. Mkaguzi wa usalama hatalalamika, gharama ya kuchapisha itapungua kwa mstari mmoja, na hakuna fundi atakayelazimika kujitangaza wala kudanganya ili atafutiwe mtu wake siku ameanguka.

Mwenzangu alirudi kazini baada ya miezi tisa. Anachechemea kidogo asubuhi, kisha kufikia adhuhuri nyonga inalegea na anatembea sawa. Jumatatu anaanza mradi mpya, na wamempa fomu aijaze nyumbani. Ameandika jina lake, tarehe ya kuzaliwa na kundi la damu, akaiacha hapo mezani ninapoandikia.

Wenu katika kazi,

Fundi umeme